Siku Niliyomwandika Mama Nantima Mgeni

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikuwa nimevaa gauni jipya na nimeshika kalamu ya wino. Nilikuwa na miaka ishirini. Hapa Namtumbwe hapakuwa na mtu mwenye mwandiko mzuri kama wangu, nami nililijua hilo kupita kiasi. Mwenyekiti wetu wa wakati ule, Mzee Mfaume, aliniita akanikabidhi daftari kubwa. Mashamba ya mikorosho yatagawiwa upya, akasema, na kabla ya hapo lazima ijulikane nani mwenyeji na nani wa kuja. Mistari alikwisha kuipiga mwenyewe: kushoto Wenyeji, kulia Wageni.

"Wewe andika tu, Somoe," akaniambia. "Usibishane na mtu."

Nikapita nyumba kwa nyumba. Kijiji chetu unakijua kilivyo. Wamakonde ndio wengi, halafu Wamakua, halafu Wayao, na zile nyumba chache za watu wenye damu ya Kishihiri, Waarabu wa Hadhramauti, weupe kidogo, ambao Kimakonde chao ni safi kuliko changu. Wote hao niliwaandika kushoto bila kuwauliza sana. Mpaka nikafika kwa Mama Nantima.

Mama Nantima alikuwa Mmakonde kama sisi, ila wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka akiwa msichana, pamoja na wazazi wake waliokimbia kazi za shuruti za Wareno. Alikuwa na chale usoni na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu. Watu wa kwao tuliwaita Wamavia, jina wasilolipenda hata kidogo.

Sasa nisikilize. Mama yangu mzazi alifariki siku ya tatu baada ya kunizaa. Aliyeninyonyesha miaka miwili ni huyo Mama Nantima, ziwa moja mimi, ziwa la pili mwanawe Limbende. Kwa dini yetu huyo ni mama yangu, na Limbende ni kaka yangu. Wala usidhani sikujua. Nilijua tangu nilipoanza kupata akili.

Alinikaribisha, akaniwekea muhogo wa kuchemsha. Nikamuuliza, "Mama, ulizaliwa wapi?"

Akacheka. "We Somoe, si unajua? Ng'ambo."

Nikamwandika kulia, yeye na Limbende, na mke wa Limbende na mtoto wao. Nikamaliza muhogo wake, nikaaga. Natamani niyaruke maneno haya, lakini nikiyaruka nitakuwa nakudanganya.

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Mfaume aliisoma orodha mbele ya watu wote. Walioandikwa kulia, akatangaza, mikorosho yao itachukuliwa baada ya mavuno. Mama Nantima alijifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Limbende ndiye aliyenifuata mpaka pale nilipokaa.

"Mimi nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwenu," akasema taratibu. "Lakini hongera, dada. Mwandiko umenyooka."

Kesho yake asubuhi alimchukua mkewe na mtoto, akavuka mto. Mama yake alikataa kwenda. Alisema mikorosho ile aliipanda kwa mikono yake, na anayeitaka aje aing'oe yeye akiwa amekaa chini yake.

Bibi yangu, aliyenilea baada ya mama kufa, hakunigombeza siku ile. Alisubiri nimalize kula.

"Lete lile daftari," akasema.

"La nini, bibi? Wewe uko kwa wenyeji."

"Nani kakwambia? Mama yangu alikuwa Mmakua. Aliletwa huku akiwa kafungwa kamba, akauzwa kama mbuzi. Babu yako naye Myao, alikuja akatafuta mke, akakaa. Umetuandika kushoto kwa sababu umeona haya. Mwanamke aliyekupa ziwa hukumwonea haya."

Nilianza kulia. Akanikataza.

"Machozi yako hayamrudishii mtu shamba. Jumatatu kuna mkutano. Mguu unao, mdomo unao."

Mwanangu, siku zile msichana hakusimama mbele ya wazee hivi hivi. Lakini Jumatatu nilisimama. Nikamwomba Mzee Mfaume daftari, akanipa akidhani nataka kusahihisha tarehe. Nikalifungua mezani, nikafuta jina langu upande wa kushoto, nikaliandika kulia, chini ya Mama Nantima. Nikasema kwa sauti, "Huyu ni mama yangu. Kama yeye mgeni, na mimi mgeni. Na bibi yangu kanituma nimwandike yeye pia, na marehemu babu."

"Unaharibu daftari la kijiji!" akafoka.

"Ndiyo," nikamjibu. "Nimekuja kuliharibu."

Akainuka mwenye duka, Mzee Awadhi. "Babu yangu alishuka Mikindani akitokea Hadhramauti. Niandike, binti." Akaja mzee wa Kimakua, wakaja Wayao wawili, wakaja hata Wamakonde ambao baba zao waliteremka kutoka Newala. Walipanga mstari kama wa kuchota maji. Kufika adhuhuri, upande wa kushoto alibaki Mzee Mfaume peke yake. Mama yake mzazi, kikongwe, akapaza sauti kutoka nyuma: "Na huyo mwandike! Baba yake nilimpata Lindi!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mzee Mfaume alichukua daftari lake, akaenda nalo kwake. Mikorosho haikuguswa.

Lakini Limbende hakurudi. Nilivuka mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza alinikatalia mlango. Mara ya pili alinipa maji ya kunywa, tukakaa, akaniuliza hali ya mama. Akafia huko huko. Hilo ni langu, sitalipunguza kwa ajili ya kukufurahisha.

Nakueleza haya kwa sababu watu wanavuka tena siku hizi, wakikimbia vita, na nawasikia vijana wetu wakiulizana nani Mmavia, nani mtu wa pwani, nani mweupe mno kuwa wa hapa. Mwanangu, kataa. Mtu akikutaka utenge majirani zako, usimshikie kalamu. Usiseme umetumwa, mimi nilijiambia hivyo na haikunisaidia. Simama hadharani, siyo pembeni, na ukisimama jihesabu pamoja na yule anayefukuzwa. Wakikuita mkorofi, itika.

Mungu akupe kifua cha kusema hapana mbele ya wakubwa. Akuondolee woga, akuachie haya. Na nyumba yako isikose watu wa kupiga hodi, watoke popote. Amin.