Mwingereza na Ufunguo wa Mfereji

Nakumbuka Jumapili moja kule Timau, mwanangu, upepo wa mlima ukichoma masikio, nami nimekaa juu ya gunia la ngano nawasomea watu kitabu cha Mwingereza mmoja, mwandishi wa riwaya. Siku hiyo imenirudia wiki nzima, tangu ulipopita hapa Kianjai kunieleza kwamba wamekuchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Ulikuwa na furaha mpaka chai ikapoa mbele yako. Ukaniuliza, shangazi, kati ya zile riwaya zako za siasa nianze na ipi, nisije nikawa kama yule aliyenitangulia? Nikakwambia nimechoka, tutaongea siku nyingine. Ukadhani ni uzee. Uzee upo, sikatai, lakini kilichonichosha ni swali lenyewe. Nimeulizwa na wengi kabla yako, na nimewaona walikofikia.

Riwaya za yule Mwingereza nimezifundisha karibu maisha yangu yote ya kazi. Unamjua alivyo. Aliwasema watu wa nchi yake bila kuwaonea haya. Alikwenda kukaa na maskini wao, akala walichokula, akaandika jinsi wenye nacho wanavyowatazama. Kisha akaandika riwaya za watawala wanaoanza kwa kuahidi usawa na kuishia kupeleleza hata mawazo ya mtu. Wanafunzi wangu walimpenda sana na mitihani waliipita vizuri. Baadhi yao leo ni waheshimiwa. Nawasikia redioni wakimtaja huyo huyo Mwingereza wakiwasuta wapinzani wao, na barabara ya kwao hata punda haipiti. Zamani ningepiga kelele peke yangu jikoni. Siku hizi nazima redio, nalala.

Kwa hiyo kaa vizuri, nikueleze habari ya Timau. Sitakuchelewesha sana.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikamfuata mama yangu, nyanya yako Nkirote, kwenye shamba kubwa la ngano. Yeye alipalilia, mimi nilishona magunia wakati wa mavuno. Tulikaa kwenye laini, zile nyumba za mabati za wafanyakazi, zilizopangwa mgongo kwa mgongo. Laini ilikuwa na Wameru, Waturkana, Wakikuyu na watu wa Embu, hivyo Kiswahili cha kuungaunga ndicho kilikuwa cha wote. Mfereji wa maji, lile bomba la kuchotea, ulikuwa mmoja, una kufuli, na ufunguo alikuwa nao nyapara. Rafiki zake walichota asubuhi. Sisi wengine tulipanga madebe yetu tukasubiri hadi jua linazama, na wakati mwingine tanki lilikauka kabla hatujafikiwa.

Nilikuwa na kitabu kimoja cha yule Mwingereza, nimetoka nacho shuleni. Jumapili baada ya kanisa nilianza kumsomea mama, sentensi kwa Kiingereza, sentensi kwa Kiswahili, tumejikinga upepo nyuma ya stoo ya magunia. Jirani akasikia akaja. Akaja na mwingine. Kabla ya mwezi kuisha watu walikuwa wanakuja na viti vyao. Na kwa sababu sisi hatuwezi kusikia hadithi bila kumtafuta jirani ndani yake, kila mtu wa kitabuni akapewa mwenzake wa laini. Mbea wa kitabuni akawa mama fulani wa nyumba za juu. Mtawala katili akawa nyapara, na jina la huyo mtawala tukambandika. Akipita tunamwamkia kwa heshima zote, akigeuka tunalitamka jina lile na kucheka hadi machozi. Maskini, hakujua tunacheka nini.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa kijana mmoja anaitwa Mutuma, utingo wa trekta. Mutuma alikuwa mtu mzuri, na nataka ulishike hilo mpaka mwisho. Hakuogopa mtu. Ndiye aliyesimama Jumapili ile ya upepo, nikiwa katikati ya ukurasa, akasema, "Sasa sisi tutakuwa tunacheka tu? Twendeni kwa meneja tumwambie hiyo maji ni yetu."

Wakaenda. Meneja alikuwa amechoshwa na malalamiko, akamnyang'anya nyapara ufunguo akawapa. Jioni hiyo tuliimba. Tukamkabidhi Mutuma ufunguo, na sharti likawa moja: anayetangulia kufika achote kwanza, awe nani awe nani. Mke wake mwenyewe, Gacheri, alipanga foleni kama sisi. Mama aliniambia hajawahi kuona jambo kama hilo tangu azaliwe, na mimi nikaamini kwamba kitabu kimeponya laini yetu.

Kisha Gacheri akajifungua. Ni sisi wenyewe, mwanangu, tuliosema mama mwenye mtoto mchanga asisimame kwenye baridi, achote wa kwanza. Nani angekataa? Baadaye ndugu yake Mutuma, aliyekuwa akilinda mfereji usiku, akaomba achote mapema akalale. Nayo ilikuwa haki. Wakafuata wale walioenda naye kwa meneja, maana walikuwa wamehatarisha kazi zao kwa ajili yetu sote. Kila mmoja alikuwa na sababu, na ukizipima sababu hizo moja moja huoni kosa. Lakini madebe yetu yalirudi pale pale, kungoja jua lizame. Mtoto wa Gacheri alianza kutambaa, akaanza kutembea, na mama yake bado anachota wa kwanza.

Jumapili Mutuma alikuja kusikiliza kama kawaida. Nikifika kwa yule mtawala alipiga paja akacheka, "Huyu mtu ni mbaya! Huyu angekuwa hapa tungemfukuza!" Watu walikuwa wanaangalia chini. Mimi niliendelea kusoma.

Watoto ndio hawakuvumilia. Siku moja amesimama mferejini na ufunguo wake shingoni, mmoja akamwita kwa jina lile la mtawala, na wenzake wakapokea kama wimbo. Mutuma alikuja mbio mpaka mlangoni kwetu.

"Karimi, ni wewe umefundisha watoto kuniita hivyo?"

"Sijawafundisha. Wana macho."

"Hiyo kitabu yako inaharibu watu," akasema. "Mimi niliwatoa kwa nyapara. Mimi! Leo mnanitukana?" Akamgeukia mama. "Mama Karimi, mtaenda kuchota maji mtoni. Hapa msilete debe yenu tena."

Mto ulikuwa chini bondeni, na magoti ya mama yalikuwa mabovu tayari. Mimi nilikuwa kazini tangu alfajiri, kwa hiyo alikwenda mwenyewe. Siku moja nilimkuta mlangoni, gauni limelowa tope hadi kiunoni, debe limebaki maji ya kunawa tu. Alikuwa ameteleza. Hakulia wala hakulaumu mtu, alikuwa anakamua tu upindo wa gauni. Hasira niliyoipata siku hiyo, mwanangu, sijawahi kuipata tena. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Watu wote waliniunga mkono, wakasema Mutuma anyang'anywe ufunguo nipewe mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kitabu na najua mambo haya yanavyokwenda. Nilijifanya kukataa. Moyoni nilikuwa nimeshaukubali.

Pale laini kulikuwa na mzee wa kutoka Laare, M'Ikiara, mchungaji wa ng'ombe wa shamba. Ugomvi wetu wote aliuamua yeye. Jumapili alikuwa akisikiliza kitabu akiwa amesimama, ameegemea fimbo, na sikumbuki kumwona akicheka hata mara moja. Aliposikia mambo yamefika hapo, alimtumia Mutuma bunda la miraa, lililofungwa kwa majani ya mgomba. Kwetu unajua bunda kama hilo maana yake. Mzee akikuletea, umeitwa, na ukilipokea umekubali kuja na kusikiliza mpaka mwisho. Mutuma alilipokea.

Tulikutana nyuma ya stoo. Nilikuwa na kitabu mkononi, nimekunja kurasa nitakazomsomea usoni. M'Ikiara hakunipa nafasi.

"Ufunguo mnataka upewe nani?" akauliza.

"Karimi!" watu wakajibu.

Akanitazama. "Karimi, wewe unataka?"

"Watu wakitaka, nitachukua."

"Sawa. Kesho umefungua mfereji. Mama yako atachota wa ngapi?"

Nilikuwa na majibu mazuri kutoka kitabuni, lakini hili hakuwa ameliuliza Mwingereza.

"Sema, mwanangu. Hatuko hapa kukufunga."

Nikamtazama mama na lile goti lake lililovimba. Nikasema ukweli, kwa sababu nilishindwa kupata uongo wa haraka. "Wa kwanza."

"Kwa nini?"

"Ni mgonjwa, mzee. Na ameumizwa."

"Ni sababu nzuri," akasema M'Ikiara. "Na Gacheri alikuwa na mtoto mchanga. Hiyo pia ilikuwa nzuri." Akawageukia wote. "Mimi nimesikiliza hii kitabu tangu mwanzo. Kila Jumapili mnatafuta nyapara ndani yake, mnampata, mnacheka. Sasa mnamtafuta Mutuma, mmempata. Hakuna hata mmoja nimemsikia akisema, hapa nimejiona mimi. Huyo mzungu aliandika kwa taabu ya bure."

Kisha akasema Mutuma aendelee kushika ufunguo, ila kuanzia kesho anayeushika achote wa mwisho, yeye na nyumba yake yote. Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga aseme mbele ya foleni, na foleni ndiyo imruhusu, kwa siku hiyo tu.

Mutuma aliutoa shingoni. Alituangalia, uso wake una aibu na uchungu pamoja, kisha akauweka chini kwenye vumbi, akamshika mke wake mkono wakaondoka. Sikuweza kumchukia tena.

Ufunguo ukabaki pale. Watu waliokuwa wakipiga kelele kwamba mfereji ni wa wote walianza kuangalia viatu vyao. Mmoja akasema anaenda kutazama moto wake. Mwingine akakumbuka ng'ombe. Na mimi, niliyekuwa nimeukubali moyoni, nilitazama ule ufunguo nikaona kumbe sikuwa nimeipiga hesabu ya kuchota wa mwisho. Mama ndiye aliyeinama, kwa shida, mkono mmoja ukutani, akauokota. Tulichota wa mwisho miaka yote tuliyobaki Timau. Siku nyingine tulilala bila kuoga. Hakuna aliyempa mama jina la kitabuni.

Usidhani hadithi iliishia vizuri. Tulipohama, nilisikia aliyeupokea ufunguo kwa mama alianza kwa kumsaidia shemeji yake mjamzito. Sikuuliza zaidi. Ndiyo maana nakwambia nimechoka, mwanangu. Nimeitazama hadithi hii ikizunguka kwenye shule, kwenye vyama vya kahawa na maziwa, kanisani, kaunti, na kila mara aliye mbele ni mtu mzuri mwenye sababu nzuri.

Basi swali lako nitalijibu. Anza na riwaya yoyote ya yule bwana, zote zitakufaa. Ila usimsome ukimtafuta mwenyekiti aliyekutangulia, maana utampata kila ukurasa, utacheka, na kitabu kitakuwa kimekupita. Jitafute wewe. Ukifika mahali mtawala anasema jambo la maana kabisa, jambo ambalo hata wewe ungelisema, weka kitabu chini utembee kidogo shambani. Usiogope sana wabaya kwenye kamati yako, wanajulikana. Ogopa siku utakayompendelea mtu anayestahili kuhurumiwa, bila kuwauliza walio kwenye foleni. Na watoto wakikuita jina baya, kabla ya kumtafuta aliyewafundisha, tazama wanachokiona.

Sasa nikwambie la mwisho, ambalo ndilo limenifanya nikuite leo badala ya kungoja siku nyingine. Jana asubuhi fundi wako alikuja na mabomba kwenye pikipiki. Akaniambia mwenyekiti amesema laini ya maji ianzie kwa shangazi, kwa sababu ni mzee, anaishi peke yake, na alimsomesha. Kijana mwenye adabu, nilimpa ndizi. Kisha nikamwambia ayafunge mabomba yake arudi nayo. Najua ulifanya kwa mapenzi, Kendi. Nililia kidogo alipoondoka, maana ni kweli maji nayataka, na ndoo sasa naziburura badala ya kuzibeba.

Njoo hapa karibu, niweke mkono kichwani pako. Mungu akupe macho ya kujiona kabla hajakupa ya kuwaona wengine. Akupe watu watakaokwambia ukweli, na masikio ya kubaki umekaa wakikwambia. Akujalie uondoke kwenye kiti hicho ukiwa bado ni Kendi wa ndugu yangu. Nenda ukawaunganishie maji watu wote wa huku, wa juu na wa chini, na wale waliokupinga pia. Ukimaliza nyumba ya mwisho kabisa, mtume yule kijana, nitamfungulia geti.