Shavu la Kushoto la Hanifa

Kwa miaka ishirini na miwili, aliyetaka kujua Hanifa amempamba bibi harusi wa namna gani alilitazama shavu lake la kushoto. Mkono ni mwongo, ndivyo alivyowaambia wasichana waliokuja kujifunza saluni kwake. Mkono umepigwa na jua la Karatu na vumbi lake jekundu, hauwezi kukuambia kweli ya uso. Kwa hiyo kila blasha aliipaka kwanza shavuni mwake, akatoka nayo barazani, akaitazama juani kwa kioo kidogo, ndipo brashi ikaenda kwa mwenye harusi.

Jioni alirudi nyumbani shavu moja limeiva, jingine kavu. Mumewe Abdulwahabu, Mrangi wa Kondoa aliyeuza vipuri vya pikipiki karibu na stendi, alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye taa na kumuuliza, "Leo umempamba nani?" Kisha alijibu mwenyewe kabla hajajibiwa. Ikiwa ni waridi, alisema binti wa Kiiraqw, mweupe. Ikiwa rangi ya tofali, alisema mtu wa Loliondo huyo. Alipatia mara nyingi, na alipokosea alicheka zaidi, maana alikuwa mtu wa kucheka vichekesho vyake mwenyewe.

Mwaka huu Abdulwahabu akafariki, na Hanifa akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, hapaki wanja, hagusi hina wala manukato. Hakuwa na ugomvi na eda. Alimpenda mumewe na alitaka kumkalia kama inavyopasa. Lakini kuridhia jambo hakukifanyi chumba kiwe kikubwa. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, na mlango ulitazama kiti cha wifi yake. Asubuhi, ukungu haujainuka, aliyasikia magari ya watalii yakipanda Ngorongoro. Jioni aliyasikia yakirudi, na hivyo ndivyo alivyojua siku imekwisha. Wageni waliingia, wakatoa pole, wakaondoka kwa miguu yao. Aliwaonea wivu kwa miguu hiyo, kisha akaona aibu.

Aliyekaa kwenye kile kiti ni Mama Shaabani, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Kondoa kumkalisha eda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameapa tu kwamba eda ya ndugu yake haitachezewa yeye akiwa hai, na tasbihi mkononi mwake haikupumzika.

Sasa, Hanifa alikuwa na mtoto mmoja tu, Kurwa, ambaye Doto wake hakumaliza hata mwezi duniani. Harusi ya Kurwa ilipangwa baba yake akiwa mzima, na siku za mwisho mgonjwa mwenyewe aliusia isisogezwe. Basi haikusogezwa. Ila nyumba ya eda haipigwi vigelegele, hivyo ndoa ikahamishiwa kwa baba mdogo, ng'ambo ya barabara kuu, mahali ambapo Hanifa hawezi kwenda. Katika harusi nzima ya mwanawe wa pekee, fungu lake lilikuwa moja: kumpamba. Na hilo nalo Mama Shaabani alitaka kulitoa kwa mpambaji wa Mto wa Mbu.

Hanifa alimsihi siku tatu. Ustadhi aliulizwa, akasema kumpamba mwingine si kosa, mradi mjane asijipambe mwenyewe. Mama Shaabani akakubali kwa sharti: rangi ikigusa tu uso wa Hanifa, brashi inakwenda kwa mwingine. Na ili sharti liwe na meno, siku ya harusi yule mpambaji wa Mto wa Mbu aliketi sebuleni na sanduku lake, akinywa chai.

Ilikuwa siku ya sitini na tatu ya eda. Kurwa aliketi dirishani. Hanifa akafanya fondesheni, nyusi, macho, na kila alipovuka hatua alivuta pumzi, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Yakabaki mashavu. Kurwa alitaka waridi, aliiona kwenye simu. Mama yake akasema waridi kwenye ngozi ya maji ya kunde inageuka majivu. Akachukua kikopo cha zamani cha rangi ya tofali, kilichobaki mduara mwembamba ukingoni, akapaka shavu la kwanza, akarudi nyuma kulitazama. Mwanga wa chumba kile haukusema kitu. Ilikuwa ni kidogo mno au imezidi? Na hapo, akiwa na fikra zote kwa mwanawe, mkono ukafanya kazi yake ya miaka ishirini na miwili. Brashi ikapanda, ikagusa shavu lake la kushoto.

Tasbihi ikanyamaza.

Mama Shaabani hakupaza sauti. Alinyanyuka, akanyoosha kiganja, na Hanifa akamkabidhi brashi kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Aliinamia beseni, akanawa mara tatu kwa maji baridi, na machozi yakapita humohumo bila kuonekana. Mama Shaabani alikwisha kumwita mpambaji.

"Shangazi," Kurwa akasema, bila kugeuka. "Huyo dada asisumbuke. Nitakwenda na shavu moja."

Mama Shaabani akamwambia asilete utoto, wakwe wanangoja. Kurwa akavuta mtandio, akaanza kujifunika kichwa na shavu lake moja jekundu, na ilionekana wazi kwamba atakwenda kweli. Yule mpambaji mlangoni akatazama chini. Mama Shaabani akautazama ule mtandio, kisha akairudisha brashi, akasema kwa ukali kuwa marehemu naye alikuwa mbishi hivihivi.

Hanifa akapaka shavu la pili kwa kubahatisha. Hakumpeleka barazani kumwona juani. Alimwona mwanawe kwa mwanga wa ukutani tu, na alijua kwamba watu wote wa mtaa watauona uso ule juani, isipokuwa yeye.

Mlangoni Kurwa akageuka ghafla, akaubana uso wa mama yake kwa mikono miwili, akalibandika shavu lake kwenye shavu la kushoto la mama, akalikandamiza hasa. Kisha akatoka. Honi zikasikika, zikavuka barabara, zikapotea.

Mama Shaabani alimtazama Hanifa usoni. Akalisogeza beseni karibu na kitanda, akasema, "Utanawa," akatoka na kurudishia mlango.

Hanifa akakichukua kioo kidogo akasogea dirishani, kwenye ule mwanga haba. Rangi ilikuwa pale shavuni. Haikuzidi wala haikupungua. Akasimama hivyo kidevu kikiwa kimeelekea kitanda cha mumewe, akingoja kuulizwa, na alipochoka kungoja akajibu mwenyewe.

"Mwanetu," akasema.

Kisha akanawa.