Jani la Mululuza Kwenye Kizuizi cha Malaba

Jumamosi moja, kura zikiwa bado zinahesabiwa, nilikuwa Malaba kwenye kibanda cha Mama Shiku, nikilalamikia mboga. Alikuwa amefikicha majani ya mululuza, akamwaga maji yake ya kijani, akayapika na kunde na njugu ya kusaga. Mululuza ni kichaka cha kila ua huku kwetu. Majani yake ni mboga kwa mwenye subira na dawa kwa mwenye malaria. Ni machungu kupita kiasi.

"Mwalimu, wewe ni Mluhya gani?" alinicheka. "Mimi wa Murang'a namaliza sahani, wewe unalia."

Mumewe, Kariuki, alikuwa amelala nyuma ya kibanda na homa, akinywa maji ya majani hayohayo.

Matokeo yakatangazwa. Jioni duka la dawa lilichomwa kwa sababu ya kabila la mwenye duka, ambalo ndilo la Mama Shiku na mumewe. Asubuhi tuliamua kwamba Mama Shiku na Kariuki wavuke daraja waingie Uganda. Mimi, mwenyeji wa Nambale, ningewasindikiza. Niliamini kabisa kwamba shahada zangu zingesaidia kitu.

Kizuizi kilikuwa mbele ya foleni ya malori. Matairi yaliwaka. Vijana walikuwa na mapanga, na mmoja alishika tawi la mululuza.

"Kila mtu atafune. Mtoto wa hapa hakunji uso!"

Nani aliwafundisha kuigeuza dawa ya mama zao kuwa mtihani wa kabila? Chuki ile hawakuibuni wao. Walipewa kwenye mikutano ya kampeni, pamoja na fulana.

Mama Shiku alitafuna, akameza.

"Huyu mama ni wetu. Pita!"

Mimi nilitafuna, nikatema. Machozi yalinitoka.

"Boss, ulilelewa supamaketi?" Walicheka. Kisha mmoja akanitazama vizuri. "Wacheni huyo. Ni kijana wa Mzee Wandera wa Nambale."

Nikapita.

Kariuki alitafuna. Tumbo lake lilikuwa limechoka na homa. Alitapika miguuni pao.

"Ni malaria, vijana wangu."

Walimvuta nyuma ya lori.

Mama Shiku alitaka kurudi. Nilimshika mkono, nikamvusha.

Baadaye viongozi walipatana, wakanywa chai mbele ya kamera, wakatuambia tusahau. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo cha Kariuki. Mmoja wa vijana wale namwona Malaba hadi leo. Huniita mwalimu na kuniuliza habari za nyumbani, kana kwamba tulisoma pamoja.

Mama Shiku sasa anapika Tororo. Hajavuka tena. Nikimtembelea, hunipakulia kwanza, kisha huuliza:

"Wewe ulitema, yeye akatapika. Tofauti yenu ilikuwa nini?"

Tofauti ilikuwa jina la baba yangu. Analijua jibu hilo. Bado hutaka nilitamke kwa sauti, wateja wote wasikie.