Lorraine na namba iliyofichwa

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Lorraine Stainforth anaingia katikati ya Barabara ya Marsden, mjini Haldby, na kuinua kibao chake cha duara cha kusimamishia magari. Lori la matofali linafunga breki. Watoto wa shule ya msingi wanavuka, kofia za makoti vichwani, mvua ikiwapiga ubavuni.

"Umevaa viatu kinyume, Alfie," anasema.

"Ndivyo nilivyotaka, Bibi."

"Haya, nenda navyo hivyo hivyo."

Mfukoni mwa koti lake la njano simu inaanza kutetemeka. Lorraine haigusi. Anakishika kibao kwa mikono miwili, midomo inahesabu. Simu inanyamaza, naye anashusha pumzi.

"Imelia mara tano," anasema. "Wale matapeli wa bima hukata kwenye tano. Hospitali hufika saba, nane. Lakini si siku zote."

Lorraine ana miaka sitini na saba, na amevusha watoto hapa kwa miaka ishirini na miwili. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia limeshajaa ukungu. Mwezi wa tatu hakuliona gari la kijivu mpaka lilipopiga honi. Mwezi wa tisa, kabla shule hazijafunguliwa, halmashauri itampima. Akishindwa kusoma namba ya gari kwa umbali wa hatua ishirini, anarudisha kibao.

"Wakinitoa pale nabaki na nini? Paka na simu."

Upasuaji wenyewe ni wa dakika ishirini kwa kila jicho. Ameusubiri miezi kumi na minne. Mwezi wa tano ilikuja barua: atapigiwa simu kupangiwa tarehe, siku yoyote ya kazi, asubuhi mpaka jioni, na namba itakuwa imefichwa. Asipopokea mara mbili, jina linafutwa na aanze tena kwa daktari wa mtaa. Aliyeiandika barua hakuweka jina lake. Hawaweki.

Mara ya kwanza imeshapita. Walimpigia Jumanne saa mbili na dakika arobaini, yuko barabarani na watoto, halafu wakamwandikia kumjulisha kwamba hakupatikana. Karatasi ya kumwambia hivyo waliipata. Ya kumwambia tarehe hawakuipata.

Lakini hata angekuwa nyumbani, Lorraine hana hakika kama angepokea. Simu ya namba asiyoijua ikilia, mkono wake unakataa. Hakuzaliwa hivyo. Alifundishwa.

Miaka minne iliyopita afisa wa polisi alikuja ukumbi wa kanisa, akapewa chai na biskuti, akawagawia wazee karatasi yenye maandishi mekundu: namba usiyoijua, usipokee. Kuna mama wa mtaa wa pili alikuwa ameibiwa akiba yake yote kwa simu. Lorraine alifika nyumbani akaibandika kwenye friji.

Novemba iliyofuata mumewe, Clive, alilazwa kwa kifua. Usiku wa kwanza Lorraine alikaa naye. Asubuhi akarudi nyumbani kumfulia nguo zake za kulalia. Saa nne simu ikalia, namba imefichwa. Ikalia tena. Mara nne.

"Nikaangalia friji, nikajiona mjanja," anasema. "Nikamwambia paka, leo hawanipati hawa."

Saa nane, muda wa kuona wagonjwa, alifika wodini na nguo zimepigwa pasi, ziko kwenye mfuko. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka mpya. Muuguzi akamwambia, "Mama, tulikupigia."

Wenye mamlaka wa huku walimwambia asipokee. Wenye mamlaka wa kule wakapiga kwa kujificha. Hakuna aliyeulizwa kwa hilo. Clive alikufa akimtaja Lorraine, na hilo pia aliambiwa na muuguzi, kana kwamba ni zawadi.

"Nikipokea, naambiwa," anasema. "Nisipopokea, bado sijaambiwa. Najua ni upuuzi. Clive yuko makaburini, ataniambia nani kitu kingine? Lakini mkono haujui hayo."

Saa saba mchana yuko jikoni na jirani yake, Pauline Catterick, wanakunywa chai. Simu iko mezani. Inalia. Namba imefichwa.

"Pokea, shoga," anasema Pauline.

"Siwezi."

"Basi lete nipokee mimi."

"Watataka kuongea na mgonjwa tu. Watakuuliza tarehe ya kuzaliwa."

"Naijua tarehe yako. Keki zako za kuzaliwa nimekula miaka thelathini, na zote kavu."

"Pauline, usiiguse."

Simu inanyamaza. Wanawake wawili wanaitazama.

"Imelia mara ngapi?" anauliza Lorraine.

"Sikuhesabu. Si tulikuwa tunabishana."

Huenda alikuwa tapeli. Huenda ilikuwa mara ya pili na ya mwisho. Namba iliyofichwa huwezi kuipigia. Lorraine anapiga namba ya mapokezi ya hospitali, sauti ya mashine inamwambia ni wa thelathini na moja kwenye foleni. Muziki unapigwa dakika arobaini, kisha laini inakatika.

Anasuuza vikombe.

"Simu wanazipiga kutoka ghorofa ya pili, pale hospitali," anasema. "Niliwaona wale wasichana siku niliyopimwa macho. Jumatatu nakwenda kukaa kwenye viti vya chini, na simu mapajani. Ikilia sitapokea. Nitapanda ngazi niwaambie nipo."

"Na kama wameshakufuta?"

"Nitakaa Jumanne pia."

Anachukua ratiba ya mabasi kutoka droo, anaisogeza mpaka puani, halafu anampa Pauline.

"Nisomee. La kwanza baada ya saa tatu."

"Saa tatu na dakika tano."

"Sawa. Watoto watakuwa wameshavuka."