Nilisomesha halbadiri dukani, na wifi yangu akaitikia amin

Admin, naomba unifiche, maana huku kwetu Zinga tunajuana mpaka kwa kikohozi. Assalaam aleikum nyote, na wengine habari zenu. Mimi ni mama wa miaka 39, nina duka la vifaa vya ujenzi barabarani. Sikurithishwa na mtu. Nilianza na misumari ya kupima kwenye beseni, leo nauza saruji, nondo na mabati, na hesabu zangu ziko kichwani. Ndiyo maana jambo hili linanichoma. Nimekosea hesabu iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Biashara ilipokua nikatafuta programu ya kompyuta ya kutunza stoo na kutoa profoma, ile karatasi ya bei yenye namba ya akaunti ya kulipia. Wenye programu wakaniambia laki nne na themanini kwa mwaka. Nikacheka. Fundi mmoja wa Bagamoyo mjini akaniwekea ileile kwa elfu ishirini, imechakachuliwa, haidai malipo tena. "Ila mama, lazima tuzime antivairasi kwanza, ile kinga ya virusi vya kompyuta, inaisumbua." Nikamwambia zima. Nikawatambia wenzangu kwamba nimeokoa laki nne na sitini, nyie endeleeni kulipa!

Kwenye kompyuta alikuwa anakaa wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Binti wa miaka 26, mcheshi, wateja wanampenda. Siku moja mteja akaja na lori kuchukua mabati, na risiti ya benki ya milioni mbili, laki tatu na nusu. Kwangu haikuingia hata shilingi. Tukaangalia profoma aliyopokea kwa barua pepe: jina la duka langu, muhuri wangu, akaunti si yangu. Nikampa mzigo ili kulinda jina. Wiki chache baadaye yakajirudia, milioni moja na laki nane. Nikatoa mzigo tena.

Profoma anaandika nani? Wifi. Anatuma nani? Wifi. Kwangu hesabu ilikuwa imekamilika.

"Wifi, wallahi sijui."

"Hujui, na vidole ni vyako?"

"Nikuibie wewe halafu nikale wapi? Si kwako ninakokula?"

Nikatangaza kwamba nasomesha halbadiri. Kwa msio wa pwani, hicho ni kisomo cha kumshtakia Mungu mwizi asiyejulikana, na watu wanakiogopa kwelikweli. Nilitegemea akisikia tu atakiri. Akanijibu, "Somesha wifi. Na mimi nitakuja kuitikia." Na akaja. Ustadhi alipoomba aliyeuleta wizi katika duka hili ashikwe, wifi aliitikia amin kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Hazikupita siku nyingi bodaboda ikamwangusha njia ya Mbegani, akavunjika mkono. Basi! Watu wakasema imemshika. Waliokuwa wanajiandaa kuleta posa wakapotea. Na mimi sikunyamaza, nilisimama kaunta mbele ya wateja nikasema, "Mmeona wenyewe? Mimi sina la kuongeza." Akahamia kwa mama yake.

Nikakaa kwenye kompyuta mwenyewe. Mwezi uliopita nikaandika profoma ya milioni tatu na laki moja kwa vidole vyangu hivi, nikaihakiki akaunti tarakimu kwa tarakimu, nikatuma. Mteja akalipa. Kwenye akaunti isiyo yangu.

Nilikaa juu ya mifuko ya saruji.

Nikamwita dada mmoja fundi kutoka Dar. Alichunguza ile mashine, kisha akaniuliza, "Antivairasi nani aliizima?" Nikamwambia ni mimi niliyeruhusu. Akanieleza kwamba ile programu ya bure ilikuja na mdudu ndani yake. Kuna mtu huko aliko anasoma barua pepe zangu zote. Profoma ikitoka, anamtumia mteja nyingine kwa jina langu, yenye akaunti yake. "Mwizi mlimkaribisha wenyewe dada, tena na mbwa mkamfunga ili asimbwekee."

Jumla milioni saba, laki mbili na nusu. Ningelipia programu halali miaka kumi na tano na chenji ikabaki. Mtu akiondoka na mfuko mmoja wa saruji yangu bila kulipa, namwita mwizi. Mimi nilipochukua mali ya waliotengeneza programu, nikaita kujiongeza.

Yule fundi wa Bagamoyo nilimpigia nikamfokea. Akanijibu, "Mama, mbona wenzio kibao wanaitumia na hawalalamiki?" Labda hawajajua bado. Labda na wao wameshamfukuza mtu.

Nimemwambia mume wangu peke yake. Akashika kichwa, akasema, "Nyamaza. Wateja wakijua barua pepe zetu zinasomwa, nani atalipa tena? Na yule wa milioni tatu atazidai kwetu. Huyu ni mdogo wangu, nitajua namna ya kumtuliza." Na kweli, yule mteja nimemwambia uchunguzi unaendelea, mzigo sijampa, na fedha hiyo kwa sasa sina.

Sasa mama mkwe, ambaye hajui lolote, ametuitisha kikao Jumapili hii tupatane. Wifi kanipigia mwenyewe.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba."

"Mimi sikuchukua, Mungu anajua. Lakini nimechoka kuitwa mwizi. Nitakuja nikuombe radhi yaishe, kaka asikose raha kwa ajili yangu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Haya, karibu."

Ustadhi hakutaja jina siku ile. Aliomba ashikwe aliyeuleta wizi dukani, na kila nikiikumbuka ile amin ya wifi najua ilikuwa inamwendea nani.

Ndugu zangu, nikisema ukweli naweza kulipoteza duka nililolianza na beseni la misumari, na mume wangu hataki kabisa. Nisiposema, Jumapili binti ataingia na mkono wenye plasta, atapiga magoti mbele yangu, na wote watanisubiri mimi niseme nimekusamehe. Nipeni neno kabla hajafika: nitamsamehe vipi mtu ambaye hajanikosea?