Asiyeitika si Asiyekuwepo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo haikuchanganyika na nyingine, ingawa nyingi za miaka ile zimeshakuwa kichwani mwangu kama maharage ya kila rangi ndani ya gunia moja. Juzi uliniambia seva yako imekuonyesha kosa la kundi la diski, ukaniuliza ni amri gani ya kuiondoa diski isiyoonekana. Ninaijua. Lakini keti kwanza, maana kuna mtu aliyewahi kuniketisha mimi.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi hapa Ngara. Kambi kubwa ya Benaco ilikuwa imeshafungwa, imebaki jina na visiki, lakini Warundi waliendelea kuvuka mpaka na mikeka yao kichwani. Mimi, mtoto wa wakulima wa Murukulazo, nilikuwa nimetoka chuoni, mbichi kama kuni za masika, nikaajiriwa katika ofisi iliyowatafuta watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Nilitunza seva ya Unix iliyohifadhi majina yao. Fundi mkuu wangu alikuwa Mama Leokadia, mwanamke wa Runazi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na vidole vyepesi kwenye kibodi.

Seva ile ilikuwa na diski tatu zilizounganishwa zikawa kundi moja, kama ndugu watatu wanaoweka mavuno yao katika ghala moja. Mbili zilikuwa ndani ya mashine yenyewe. Ya tatu ilikaa peke yake ndani ya kisanduku chini ya meza, taa yake ikiangalia ukuta. Habari za mtoto mmoja zingeweza kuanzia diski hii zikaishia ile; ukiiondoa moja, habari hizo zimekatika.

Asubuhi hiyo jenereta lilizimwa ili litiwe mafuta. Lilipowashwa tena, mashine iliamka, lakini kundi la diski likakataa. Nikaiwasha upya. Likakataa tena.

Nje, kwenye benchi, alikuwa ameketi mama mmoja Mrundi na binti yake aitwaye Bukuru. Unayajua majina ya mapacha ya jirani zetu: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Kwa hiyo kila mtu aliyemsikia binti yule akiitwa aliuliza, "Na mwenzako yuko wapi?" Naye akainamisha kichwa. Butoyi alikuwa amepotea usiku wa kuvuka mto. Sasa simu ya upepo ilikuwa imeleta habari kwamba ameonekana katika kambi nyingine, akilelewa na familia iliyokuwa inafunga mizigo kurudi kwao ng'ambo ya mpaka. Ni familia gani, na nyumba ipi, tulikuwa tumeviingiza kwenye seva jana yake tu, bila kuviandika popote pengine, na zamu yetu ya simu ya upepo ilikuwa jioni. Mkanda wetu wa kutunzia nakala ya akiba ulikuwa wa wiki iliyopita, kabla Butoyi hajapatikana. Lori la kwenda huko lilikuwa linaondoka saa sita mchana, na lingine lisingekuwepo hadi juma lijalo. Kufikia wakati huo familia ile ingekuwa imeshavuka, na mtoto pamoja nayo.

Nikafungua kitabu cha maelekezo, nikaiona amri: iondoe diski isiyoonekana, kundi liendelee na zilizobaki. Ilikuwa fupi na nzuri. Nikaiandika yote, ikabaki kubonyeza tu, ndipo Mama Leokadia akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unaikodolea macho kama mchumba aliyekukataa?"

"Diski ya tatu haipo. Nataka kuiondoa, zile mbili ziendelee na kazi. Wahenga walisema, mama, asiyekuwepo na lake halipo."

Alitazama nje kupitia mlango uliokuwa wazi, akanirudia.

"Methali nzuri. Nenda kamwambie yule mama pale kwenye benchi. Halafu urudi ubonyeze."

Sikunyanyuka.

"Haya, nisomee mashine imesema nini. Neno kwa neno, usiniongezee chumvi."

Nikasoma: diski ya tatu haikujibu.

"Haikujibu," akasema. "Haikusema imekufa. Wewe ukiwa unaita majina kwenye mgao wa unga, ukamwita mtu asiitike, utamfuta?"

"Hapana, mama. Nitatuma mtu akamtazame kwenye hema lake."

"Basi nenda kwenye hema lake."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikapiga magoti, nikaweka mkono juu ya kisanduku kile, kama unavyompima mtoto homa. Kilikuwa baridi kabisa. Jana yake mvua ilikuwa imewakimbiza watu hadi ndani ya ofisi, wakabanana, meza ikasukumwa, na plagi ikalegea kwenye soketi, ikabaki inagusa kwa shida. Jenereta liliporudi, kila kitu kilipata umeme isipokuwa diski ile. Nami nilikuwa nimeikatia hukumu nikiwa nimekaa kitini, kwa kutazama kioo peke yake.

Nikataka kuichomeka palepale. Akanishika bega, akaionyesha mashine kwa kidole. "Zima mkubwa kwanza. Mwamshe mdogo, umsikie anapumua, ndipo umwamshe mkubwa."

Honi ikalia nje. Dereva akachungulia dirishani. "Mama Leokadia, lori hili halina mke Ngara, haliwezi kulala hapa."

"Likiondoka bila yule mama, na wewe hutakuwa na mke popote. Subiri."

Akacheka, akaenda kuegemea gurudumu. Nikazima. Nikachomeka. Kisanduku kikaanza kuvuma taratibu, kama nyuki wanaorudi mzingani. Nikaiwasha mashine, nikaiamuru izihesabu diski zake upya. Ya kwanza ikajibu. Ya pili ikajibu. Ya tatu ikajibu. Kundi likaamka. Mkono wangu ukarukia kufungua orodha ya watoto, naye akausogeza pembeni.

"Bado. Aliyezirai hapewi jembe siku hiyohiyo. Kagua mafaili kwanza."

Tukakagua, na honi ikalia tena. Mafaili yote yalikuwa salama. Ndipo nikaandika jina la Butoyi, na habari zake zikatokea: familia inayomlea, mtaa wao kambini, na nyumba yao jirani na kisima. Printa ikaanza kukwaruza.

Nilipogeuka, mama yule alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila neno tangu mwanzo.

"Ameitika?" akauliza.

"Ameitika," akasema Mama Leokadia.

Akaifunga karatasi katika pindo la kitenge chake, akampandisha Bukuru kwenye lori, akapanda yeye. Siku tatu baadaye lori lilipopita kurudi, dereva alipunguza mwendo mbele ya ofisi ili tuone. Nyuma walikuwa wameketi mabinti wawili wenye uso mmoja, wamekumbatia sufuria moja, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumuuliza yeyote kati yao mwenzake yuko wapi.

Sasa nakujibu, mwanangu. Kundi la diski likikataa kuamka, isome mashine inasema nini, si unachokiogopa wewe. Mtambue kwa jina asiyeitika. Kisha ondoka kitini: gusa, sikiliza, fuata waya hadi mwisho wake, tazama umeme. Mpe nafasi ya kuitwa tena. Akiitika, mkague kabla hujamtwisha kazi, na toa nakala siku hiyohiyo. Amri ya kuondoa ipo, nami nimeitumia mara kadhaa maishani, kwa diski zilizokufa kweli, baada ya kuzifikia hemani kwao. Iwe ya mwisho mkononi mwako. Na usidhani nazungumzia diski peke yake.

Nenda, seva inakungoja. Mungu akupe mkono mwepesi wa kugusa na mzito wa kufuta. Na siku utakapoitwa wewe ukashindwa kuitika, akuinulie mtu wa kuja kukutazama.