Ndege ya Masanja

Harufu ya mpira wa baiskeli unaoungua haitoki nguoni hata ufue mara ngapi. Mwaka wa vita vya Kagera nyumba yetu, huko upande wa Nkoma, ilinuka hivyo kutwa kucha, na mama hakuchoka kulalamika. Kaka yangu Masanja alichoma mpira chini ya sufuria mbovu, akakusanya masizi, akayakoroga na mafuta ya pamba, akapata rangi. Rangi ya nini? Ya ndege ya kivita! Chama kilikuwa kimetangaza mashindano ya ngoma kwenye sherehe zake, nasi wa kundi la ngoma la Wagalu tulipangiwa kupambana na mahasimu wetu, Wagika. Kwetu Usukumani mshindi si anayecheza vizuri tu, ni yule anayewavuta watazamaji wote wabaki upande wake, kwa hiyo kila kundi hubuni kioja chake. Wengine huleta chatu. Masanja akasema yeye ataleta ndege. Wazee walinuna, maana mashindano hungoja pamba ivunwe, na wakati huo pamba ilikuwa bado inafika magotini.

Masanja alikuwa utingo wa lori la pamba, na huko Mwanza aliwahi kuiona ndege ya namna hiyo imeegeshwa nyuma ya uzio. Akaipima kwa macho, kwa kuhesabu nguzo za uzio tangu pua hadi mkia. Hatua moja ya ndege ile ikawa shubiri moja kwetu. Mwili aliufunga kwa mabua ya mtama, akauvika bati la madebe, na kioo cha rubani akakitengeneza kwa nailoni. Kazi yangu mimi ilikuwa kuiga vichwa vya misumari inayoshika bati la ndege. Nililaza bati juu ya ngozi ya ng'ombe, nikagonga msumari polepole usitoboe, kipele kikajitokeza upande wa pili, mstari baada ya mstari. Nikipinda mstari alinikemea, "Kabula, rubani wangu atakufa kwa sababu yako!" Tukacheka. Nilimpenda kaka yangu kuliko mtu yeyote, na sioni haya kusema.

Lakini kadiri ile ndege ilivyozidi kufanana na ndege, ndivyo watu walivyopunguza kucheka. Malori yaliyojaa vijana yalikuwa yakipita, na redio ya dukani ilizungukwa na watu wasiosema neno. Siku moja akaja balozi wa nyumba kumi, akaizunguka ndege, akaishika bawa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikuruhusu kuzichungulia ndege za jeshi kwa karibu hivi?" Masanja akacheka. Mama hakucheka. Baba alikwisha fariki, na Masanja ndiye mwanaume pekee aliyebaki nyumbani. Tangu siku hiyo mama hakuwa na dua nyingine: mwanawe asikamatwe akaitwa mpelelezi. Alimsihi aivunje. "Mayu, imebaki namba tu ya mkiani," Masanja akamjibu, na kuendelea kupaka rangi.

Siku ya ngoma wanaume walitokea na ndege mabegani, moshi unafuka mkiani, na Masanja mbele yao anakimbia amenyoosha mikono. Mayu wane! Uwanja wa Wagika ulibaki mtupu, hata wapiga ngoma wao walikuja kutazama. Tulikuwa tumeshinda. Ndipo lori la kijani kutoka Maswa likasimama, akashuka ofisa, akapuliza filimbi, ngoma zikanyamaza. "Nani ametengeneza kitu hiki?" Mama alinibana mkono hadi vidole vikalia. Wagalu, watu wasiojua kufunga mdomo, siku hiyo walinyamaza wote, hakuna aliyemtaja. Lakini fundi ataachaje kazi yake iulizwe na yeye akae kimya? Masanja akajitokeza, akasema, "Mimi, afande."

Yule ofisa akamshika mkono, akavua kofia yake na kumvika. Akasema jeshi linahitaji mikono kama ile, akauliza nani mwingine atamfuata mwenzake. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Vijana wa ngoma wakaparamia lori na njuga zao miguuni. Na mama, aliyekuwa akingoja pingu, alipoona mwanawe anavikwa kofia alipiga kigelegele kirefu kuliko wanawake wote. Kilikatika lori lilipoondoka. Baadhi ya vijana wale walirudi vita vilipokwisha. Masanja hakurudi, na hatukupewa hata mahali pa kulilia.

Leo Bariadi, mji ulio jirani na kwetu, ni makao makuu ya mkoa. Ngoma zina spika, na watoto wanajua ndege za kila aina kwa kuziangalia kwenye simu. Vita hakuna, namshukuru Mungu. Juzi mjukuu wangu alichaguliwa kujiunga na jeshi, na nyumba ikajaa majirani na soda. Amefurahi, ana haki ya kufurahi, kazi zenyewe ziko wapi siku hizi? Wakanigeukia mimi, mkubwa wa nyumba, nifungue vigelegele. Nikawaambia koo linaniuma.